Bi Kadirio na Komedi Zilizochelewa

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Kama una sufuria jikoni, punguza moto kwanza. Leo sitakwenda mbio kama kawaida yangu.

Leo tunamkumbuka mwanamke aliyekaa nyuma ya dirisha la tiketi la sinema kwa miaka thelathini na mmoja. Miaka thelathini na mmoja, dirisha moja, kiti kimoja chenye mto wa bluu alioushona mwenyewe. Amefariki Jumapili iliyopita akiwa na miaka sitini na mitatu. Ni figo. Tumemzika Jumanne.

Sisi tuliofanya naye kazi tulimwita Bi Kadirio, kwa sababu alikuwa anakadiria. Filamu haijaanza kuonyeshwa, yeye ameshasema watakuja watu wangapi. Tena ukali wake ulikuwa kwenye komedi zilizochelewa. Mnazijua. Komedi inatoka, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, halafu kimya. Inapita miaka kumi, inapita ishirini. Mwigizaji mkuu ana kitambi na upara. Siku moja bango linabandikwa: sehemu ya pili imewadia. Mwenye sinema anakuna kichwa. Watu watajaa, au tutavionyesha viti?

Hapo ndipo wengi wetu huanguka. Mimi nimeanguka. Bi Kadirio hakuanguka.

Na niliseme mapema ili tusisumbuane: nilimwonea wivu. Wivu wa kumhesabia mwenzako hata salamu anazopokea. Juzi Alhamisi binti yake alikuja hapa studio na kipande cha karatasi ngumu. Karatasi hiyo ina utabiri wa mwisho wa mama yake, kuhusu komedi ya wale majirani wawili waliogombania ukuta, ambayo sehemu yake ya pili inaanza kuonyeshwa Ijumaa ijayo, baada ya miaka ishirini na minne. Binti ameniomba niusome hewani, kwa jina la mama yake, kabla ya Ijumaa. Shida ni moja. Mimi nimeshawapa utabiri wangu Jumamosi iliyopita, kwenye kipindi hiki hiki. Utabiri wake na wangu hauendani hata kidogo.

Nimeutembeza mkobani siku mbili.

Turudi nyuma. Bi Kadirio aliingia pale sinema akiwa na miaka ishirini na tisa, kusafisha ukumbi. Aliokota chupa na maganda ya karanga chini ya viti mia sita. Mwaka wa tatu, keshia wa tiketi akaolewa akaacha kazi, na Bosi, yaani mwenye sinema, akamwambia yule msafishaji akae dirishani siku mbili tatu mpaka apatikane mtu. Siku mbili tatu hizo ndiyo miaka thelathini na mmoja.

Mume wake alikuwa fundi wa projekta kwenye ukumbi ule ule. Ni mtu wa maneno machache. Kila saa kumi alishuka ngazi na chupa ya chai, akaipitisha kwenye kijitundu cha dirisha, akapanda tena. Hakukosa siku. Mimi wangu nyumbani nilikuwa nikimwomba maji ananiuliza kama miguu inaniuma. Basi chai ile ilikuwa inanipita mbele ya macho kila siku saa kumi.

Huyo mume aliniambia Jumanne, tulipokuwa tumekaa kwenye viti vya plastiki baada ya mazishi: "Watu wanadhani mke wangu alipenda filamu. Hakuzipenda. Ukimkalisha ukumbini, dakika ya kumi anakoroma. Yeye alipenda foleni."

Alipenda foleni. Lishikeni hilo, kwa sababu mimi sikulielewa kwa miaka mingi.

Niliingia pale na stashahada yangu ya masoko. Nilipewa meza, kikokotoo, na kabati lenye kufuli. Wiki ya kwanza tu wafanyakazi wakanipa jina: Mama Cheti. Ukipita koridoni unasikia, "Mpisheni Mama Cheti, ana haraka, anakwenda kujumlisha." Bi Kadirio hakuniita hivyo. Aliniita mwenzangu. Nalo lilinichoma, maana nilijiuliza, mwenzako kwa lipi?

Pale sinema palikuwa na utaratibu. Kila Jumatano, anayetaka kutabiri anaandika idadi ya watazamaji wa wiki mbili za kwanza nyuma ya kipande cha tiketi, anakitia kwenye kopo tupu la filamu mezani kwa Bosi. Kopo linafungwa. Linafunguliwa wiki mbili zikiisha, mbele ya wote. Ilikuwa mchezo tu, mpaka mwaka ilipokuja sehemu ya pili ya komedi ya dereva aliyempoteza bibi harusi. Sehemu ya kwanza ilikuwa imetoka miaka kumi na mmoja nyuma. Mwaka huo Bosi alitaka mpangaji wa ratiba, mtu wa kuamua filamu gani ioneshwe na kwa siku ngapi. Akasema kopo litamsaidia kuchagua.

Nilikaa na kikokotoo jioni nne. Nikachukua watazamaji wa sehemu ya kwanza, nikaongeza watu waliohamia mjini, nikapunguza waliochoka. Nikapata elfu kumi na tisa. Nikaandika kwa wino.

Bi Kadirio hakuwa na kikokotoo. Alikuwa na swali. Wiki tatu kabla, kila aliyekuja dirishani kununua tiketi ya filamu nyingine yoyote, alimwonyesha bango la yule dereva akamwuliza, "Hii ikija, utakuja na nani?" Basi. Anauliza huku anahesabu chenji. Mtu anajibu, anachukua tiketi yake, anaondoka. Foleni yake ilikuwa ndefu kuliko ya dirisha la pili, ambalo lilikuwa tupu na keshia wake akipaka rangi kucha. Watu walipanga kwake kwa hiari yao. Nalo hilo nilikuwa nikilitazama kutoka juu, kwenye ngazi, nikiuma mdomo.

Filamu ikaanza Ijumaa. Maonyesho matatu kwa siku, ukumbi umejaa mpaka Jumapili. Watu elfu tano na mia nne kwa siku tatu. Nilinunulia ofisi nzima soda. Nikamwambia Bi Kadirio, kwa sauti ya watu kusikia, kwamba foleni ni foleni na hesabu ni hesabu. Akanywa soda yake, akashukuru.

Jumatatu walikuja watu themanini. Jumanne, hamsini na tano. Wiki ya pili sauti ya dereva ilikuwa inagonga ukuta na kurudi. Kopo lilipofunguliwa, mimi nilikuwa na elfu kumi na tisa. Yeye, elfu saba. Waliokuja kweli walikuwa elfu sita, mia tisa na arobaini.

Bosi alimwuliza amejuaje. Alijibu akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mtoto anayesoma mbele ya darasa: "Wote walikuwa wananiambia watakuja peke yao. Watoto wao bado wadogo, mke hakuiona ile ya kwanza. Mtu akija peke yake kwenye komedi anatabasamu tu, hacheki. Asiyecheka hana la kumsimulia jirani."

Wasikilizaji wapendwa, nimesoma miaka miwili chuoni. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia jambo hilo.

Na sasa sikilizeni kilichotokea. Cheo nilipewa mimi. Bosi alisema nafasi inataka mtu mwenye cheti. Nilikaa kwenye kiti cha mpangaji wa ratiba, na kila aliyetaka kujua filamu itakwendaje alikuwa anateremka ngazi, anainama dirishani. Cheo kilikuwa juu, heshima ilibaki chini. Hata mwanangu, aliyekuwa darasa moja na binti yake, likizo ikifika alikuwa anaomba akashinde kwao. Nikimwuliza kuna nini huko, ananiambia, "Mama wa huko anauliza kitu halafu anakuangalia."

Nilivumilia miezi. Halafu nikamwandikia Bosi barua kwamba maswali ya dirishani yanachelewesha foleni. Nilitaja na dakika. Bosi akamkataza. Bi Kadirio akatii. Hakuja kuniuliza, wala salamu haikupungua. Ningependa ipungue, ningepata pa kuanzia.

Mnajua yaliyofuata, maana mlikuwepo. Niliacha sinema, nikaja redioni, nikaanzisha kona ya filamu kila Jumamosi. Nikawa nawauliza ninyi kwa simu, komedi fulani ikirudi, utakwenda na nani? Mkanipigia. Nikatabiri, nikapatia mara nne mfululizo. Mkaniita mtaalamu. Gazeti moja likaandika kuhusu mbinu yangu. Yangu, wasikilizaji. Nililikata lile gazeti nikalitia kwenye fremu. Jana nimelishusha.

Mbinu ile si yangu. Ni ya Bi Kadirio, keshia wa tiketi. Nilimkataza kuitumia, halafu nikaitumia mimi. Sijui kuisema kwa namna ya kupendeza zaidi.

Yeye alijua. Tulikutana mara moja kwenye mkutano wa wazazi shuleni, tumebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa mbao. Akaniambia kwa upole, "Nakusikiliza kila Jumamosi, mwenzangu. Unauliza vizuri. Ila hungoji jibu."

Nilimnunia miaka sita kwa maneno hayo.

Sasa tufike wodini. Mwezi wake wa mwisho alikuwa kitanda cha dirishani, wodi ya wanawake. Binti yake anasema hata huko aliendelea. Alimwuliza nesi wa zamu ya asubuhi, mama wa usafi, na wageni waliokuja kuwaona wagonjwa wengine. Ile komedi ya ukuta ikirudi, utakwenda na nani? Mtu akijibu, alisubiri. Mtu akinyamaza, alisubiri pia. Binti anasema kuna dada mmoja alijibu atakwenda na rafiki, akanyamaza, akakunja shuka la mgonjwa wake, halafu akasema, "Au nimpeleke baba. Tuliiona naye." Bi Kadirio akaandika.

Jumamosi iliyopita aliwasha redio kama kawaida. Akanisikia nikiwauliza ninyi, watoto wenu watataka kwenda? Mkaniambia watoto hawaijui. Nikakata simu ya mwisho katikati, nikatangaza: itaanguka, watu elfu tano kwa wiki mbili, wasizidi. Ukumbi ule ule wa viti mia sita. Elfu tano.

Binti yake alinisimulia hapa studio, akiwa amesimama, hakutaka kiti. "Mama alicheka mpaka nesi akaja. Akasema, mwenzangu leo tena hakungoja. Kauliza watoto, wakati watoto wa ile ya kwanza ndio hao wenye mishahara leo. Watawapeleka wazazi wao. Akaniambia nilete kalamu. Akaandika nyuma ya boksi la dawa, kwa sababu tiketi hatukuwa nayo. Kesho yake asubuhi akatutoka."

Nikamwuliza binti kwa nini aniletee mimi. Vituo viko vingi, na wangefurahi kunicheka.

Akasema, "Shikamoo nimekupa, mama, sikuja kukutukana. Mama alisema likisemwa na mwingine, watu watadhani ni ugomvi. Likisemwa na wewe, watajua ni kweli." Akageuka, akatoka. Anatembea kama mama yake, taratibu, kama mtu ambaye foleni itamsubiri.

Mnataka ukweli wa siku hizi mbili? Alhamisi nilisema moyoni, nitausoma Jumamosi ijayo, filamu ikishaanza. Ingekuwa salama. Ijumaa, yaani jana, nikafikiria kutangaza kwamba nimebadili mawazo, kwamba nimepata idadi mpya. Mngeamini. Mlishaamini mara nne. Nilikuwa nimeshaiandika sentensi yenyewe, nzuri tu, fupi.

Na Jumanne pale makaburini, nikiwa na kitambaa usoni, nilikuwa nahesabu watu. Kabla sijatoka nyumbani nilikuwa nimekadiria mia mbili. Walikuwa zaidi ya mia saba. Nilimwona keshia wa dirisha la pili, amezeeka, analia. Nikajiuliza siku yangu watafika wangapi, na nikamwonea wivu maiti. Hiyo ndiyo hali yangu, wasikilizaji wapendwa. Sitaipaka poda.

Kwa hiyo nausoma leo, siku sita kabla, na nausoma ulivyo. Boksi la dawa liko mbele yangu. Mwandiko umeinama kidogo kulia.

"Komedi ya ukuta. Wiki mbili. Watu elfu kumi na sita. Wataanza kidogo Ijumaa, watajaa Jumapili, wakiwa na wazee wao. Bosi asiitoe mapema."

Huo ni utabiri wa Bi Kadirio. Ni wake, mbinu ni yake. Narudia kwa waliochelewa kuwasha redio: Bi Kadirio, elfu kumi na sita. Mimi, elfu tano. Yangu siifuti. Nilishaisema, nitabaki nayo, na nikiaibika niaibike na namba yangu mwenyewe. Nikisema natamani apatie nitakuwa nadanganya. Nusu ya moyo wangu inataka akosee, hata sasa.

Kwa mume wake, fundi wetu wa projekta, pole sana, baba. Kwa binti yake, pole, mwanangu, na ahsante kwa kutokaa. Familia yote, Mungu awape subira, ampumzishe mama yetu mahali pema.

Nanyi mnaonisikiliza, kila mmoja wenu anafanya kazi karibu na mtu anayejua zaidi yake na kulipwa kidogo kuliko yeye. Mnamjua. Mtajeni, angali anaweza kusikia. Mimi nimechelewa kwa wiki moja, na wiki hiyo hairudishwi.

Laini ziko wazi. Nina swali lake la kuwauliza, na leo studio hii itakaa kimya mpaka mmalize kujibu.