Felista Nchagwa na Chakula Chenye Macho

YAH: CHAKULA CHENYE MACHO NDANI YA OFISI YA UMMA. Ndugu waombolezaji, hicho ni kichwa cha barua ya tarehe 11 Februari 2020, iliyogongwa muhuri mara mbili, na ukiacha cheti cha ndoa ndiyo karatasi pekee ya serikali inayomgusa dada yetu Felista Nchagwa, hivyo familia imeona ianze nayo, hasa kwa kuwa mumewe, Ezekiel Waitara, ametutaka tusisome neno lolote lisilo la kweli, sharti lililotuchukua siku mbili.

Felista alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Gorong'a, wilaya ya Tarime, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Nchagwa na mama Tabitha, akasoma shule ya msingi hapohapo kijijini kuanzia 1979 hadi 1985, akafunga ndoa na Ezekiel tarehe 18 Desemba 1993, wakajenga Nkende, wakajaliwa watoto wawili, Godwin na Judith.

Kuanzia 2008 hadi Desemba 2018 alikuwa mpishi wa shule moja ya sekondari huko Mbalibali, wilaya ya Serengeti, ambako mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, Madam Haruko, alimfundisha kutengeneza bento, yaani chakula cha mchana kinachopangwa kwenye kisanduku kwa mfano wa maua na wanyama, na kwa kuwa Mbalibali haina majani ya baharini ambayo Wajapani huyatumia kuchorea, wanyama wa Felista walikuwa wa wali, macho yao kunde, pembe karoti, na malisho yao sukuma wiki.

Machi 2019 Ezekiel, ambaye ni mtunza kumbukumbu katika ofisi moja ya kata, alipimwa akakutwa na presha, akakatazwa chumvi na ugali wa kurundika kama mlima, naye, kama wanaume wengi mliokaa hapa mbele, akasema hali chakula cha wagonjwa, ndipo Felista akakitia pembe na macho hicho chakula cha wagonjwa, akamwambia, "Baba Godwin, huyu ni ng'ombe wako, utamkataa?" Hakuweza. Kila siku ya kazi, kwa miaka mitano na miezi mitano, mkewe aliamka saa kumi na moja alfajiri kuchonga karoti.

Hapa ndipo familia inapochanganyikiwa. Ofisini wanaume hula sinia moja, na anayeinamia kisanduku chake peke yake huonekana mchoyo, basi Ezekiel siku ya kwanza akakiweka katikati, akawakaribisha wenzake watangulie kama inavyompasa mwenye chakula, na kabla hajafuta mikono ng'ombe alikuwa ameisha kuanzia pembe hadi mkia, akageukia ugali wao na nyama yao yenye chumvi, na ikawa hivyo kesho yake na siku zote. Steven, mgambo, alilalamika, "Mura, hiki chakula kinaniangalia!" ndipo akaandika ile barua, ambayo Ezekiel mwenyewe aliipokea, akaipa namba, akaiweka kwenye faili kusubiri majibu. Bwana Okech, afisa ugani, alisema tu, "Omera, shemeji anajua kupika, ila chumvi hamna," akafungua droo akatoa yake.

Jioni Felista aliuliza, "Kilikuwaje?" Ezekiel akajibu, "Kitamu," na kesho yake akatengenezewa kizuri zaidi. Kliniki presha haikushuka, daktari akabadilisha vidonge mara tatu, akatazama kisanduku walichokuja nacho, akatazama mashine, akaandika kwamba sababu haijulikani.

Agosti 2024 Felista aligundulika kuwa na saratani. Ezekiel alitaka kumweleza ukweli, lakini kila alipokwenda wodini alirudi nao, hadi tarehe 1 Juni 2025 alipokaa kitandani pake na maneno yote tayari, mkewe akamtangulia, "Baba Godwin, mwambie Okech apunguze chumvi, naye ana watoto." Kisha akalala. Alifariki tarehe 3 Juni, saa nne asubuhi. Alijua tangu lini nani hasa alikila kisanduku, na kama alijua aliamkia nini, sisi hatufahamu, Judith anasema tangu mwanzo, Godwin anasema aliambiwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Nkende, ndugu wa Gorong'a walioleta kuni na maji, pamoja na wafanyakazi wenzake Ezekiel, ambao miongoni mwao Bwana Okech amelia kuliko sisi.

Felista binti Nchagwa, umeamka mapema vya kutosha, sasa pumzika kwa amani.

Rasimu yetu ilisema alimpikia mumewe, naye akala akashiba. Jana Ezekiel aliikata sentensi hiyo, wazee wakamsihi aiache kwa heshima ya msiba, akakataa, akaandika yake, nasi tunaisoma kama ilivyo: Felista alimpikia mumewe ili asife, na mumewe hakukila chakula hicho hata siku moja.