Mguu wa Nne wa Benchi

Benchi la kijiwe kile, lililoegemea ukuta wa karakana ya baiskeli, lilikuwa na miguu minne: mitatu ya kuaminika na mmoja wa kuombewa dua. Ule wa nne seremala aliukata kwa kukisia, ukapungua upana wa vidole vinne, na kwa miaka mitatu pengo lake lilizibwa na kitabu cha maktaba, kinene, chenye jalada la kijani. Tofali lilizidi. Ubao ulipungua. Kitabu kilikaa pale utadhani mwandishi wake alionyeshwa mguu kwanza, ndipo akaambiwa aandike. Lakini Jumatano hiyo alasiri kitabu hakikuwapo. Benchi liliinama kama mtu anayesikiliza umbea mlangoni, na kila kikombe kilichowekwa juu yake kiliteleza kwenda upande wa Ticha. Na Ticha, ambaye siku zote angekidaka, naye hakuwapo.

— Kahawa yangu inahama! alipiga kelele Wembe, kinyozi, mtu ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko chombo chake cha kazi. Inahama kama mpangaji!

— Ishike basi, alisema Spana, mwenye karakana. Una mikono miwili. Mmoja wa kikombe, wa pili wa nini?

— Wa kusisitiza hoja.

Bi Birika, muuza kahawa, alicheka nusu, akakumbuka, akaacha. Siku hiyo kila aliyecheka alicheka nusu. Jumatatu, nyuma ya maktaba, vitabu vilichomwa toka asubuhi mpaka jua likapoteza rangi, na hadi leo vipande vyeusi vya karatasi vilikuwa vinatua: barabarani, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye kahawa. Halafu Jumanne alfajiri watu wawili wenye viatu vinavyong'aa walikwenda kumchukua Ticha, mwalimu mstaafu wa watu, mswaki bado uko mdomoni.

Kwenye ncha ya benchi iliyoinuka alikaa Fundi Gundi. Miaka ishirini na miwili alikuwa mtunzaji wa maktaba. Aliazimisha, akapokea, na kila kitabu kilichochanika alikishona na kukigandisha upya, mpaka vidole vyake vikawa vinanuka gundi hata akimenya chungwa. Alikuwa na jambo kooni. Alikuja nalo, akalisindikiza kwa vikombe viwili vya kahawa, halikushuka.

— Mimi naona wanataka nafasi tu, alisema Spana. Wakubwa wamekosa pa kuweka meza zao. Toa vitabu, ingiza meza. Hamna cha ajabu.

— Kwa hiyo Ticha naye alikuwa anazuia meza? aliuliza Wembe.

— Ticha alipinga. Si unamjua? Ukimwambia leo kuna jua, anataka ushahidi.

— Hapana, hapana, hapana!

Wembe alisimama. Alipokuwa na hoja ndogo alikaa, kubwa alisimama, na hii aliisimamia hadi kwa vidole vya miguu.

— Kitabu si maandishi, jamani. Kitabu ni gundi. Hebu fikirini. Mtu akifungua ukurasa wa kwanza, macho makavu. Wa pili, kope zito. Wa tatu, anakoroma. Kwa nini? Gundi! Ndani yake kuna dawa. Wakubwa wakaangalia, wakaona watu wote wamelala, wakasema tuchome hivi vitu watu waamke. Wahenga walisema, aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe.

— Sasa huo msemo unawaunga mkono au unawapinga? aliuliza Spana.

— Unawatazama tu. Fundi Gundi, si kweli? Wewe ndiye unayeipika.

— Ni unga na maji, alisema Fundi Gundi.

— Mnamwona? Anavyokanusha haraka!

— Kaa chini, mwanangu, alisema Bi Birika. Nyote mnapapasa gizani. Mimi nina shoga yangu anafagia pale ofisini kwao. Hawachomi ili kitabu kiungue. Wanachoma ili moshi utoke. Moshi wa kitabu unamjua aliyekisoma. Ukimfikia, anakohoa. Wamesimama kila pembe ya mji wanawahesabu wanaokohoa.

Na hapo hapo, kwa ubaya wa bahati, koo la Wembe likaanza kumwasha. Uso ukavimba. Machozi yakamtoka. Akabugia kahawa, ikapita njia isiyo yake, akabaki ametoa macho kama samaki wa sokoni.

— Kohoa tu, utapasuka, alisema Spana.

— Si... kohoi, alisema Wembe kwa sauti ya chura. Mimi sijasoma kitabu toka niache shule. Na hata shuleni nilikuwa nasomewa.

— Ticha je, alikuwa anakohoa? aliuliza Spana.

— Ticha ana pumu, alisema Bi Birika, taratibu. Hata bila moshi. Sijui kama walimwacha achukue ile dawa yake ya kuvuta.

Kipande cha karatasi iliyoungua kilitua juu ya birika. Alikipuliza, kikameguka.

Wembe hakuweza kukaa na ukimya, ulimbana kama kiatu cha mtoto. Akapangusa macho.

— Sikilizeni. Sisi hatuna cha kuogopa. Kitabu chetu kilikuwa kwenye orodha yao ya kuchoma? Kilikuwa. Kimeungua? Kimeungua. Sasa nani atajua kwamba miaka mitatu kilikuwa hapa? Kitabu kimeungua, kesi imeungua. Mficha uchi hazai, na sisi tumeficha vizuri, basi hapatazaliwa kitu!

Spana alianza kutikisa kichwa kukubali.

— Kadi haikuungua, alisema Fundi Gundi.

— Kadi gani?

— Mnaijua. Mmeisaini wenyewe.

Waliijua. Ndani ya jalada la nyuma la kila kitabu cha maktaba kulikuwa na mfuko mdogo wa karatasi, na ndani ya mfuko kadi, na kwenye kadi kila mwazimaji aliandika jina lake na kutia sahihi. Maktaba ilikuwa ikiazimisha kwa siku kumi na nne, haizidi hata moja. Fundi Gundi hakuwa mtu wa kupindisha kanuni kwa sababu ya mguu wa benchi. Basi wanakijiwe wakajiwekea zamu. Kila baada ya wiki mbili mwenye zamu alikichomoa kitabu, akakipangusa vumbi kwa mkono wa shati, akakipeleka maktaba, akakirudisha, akakiazima tena pale pale, akaja kukisukuma chini ya mguu. Waliiita zamu ya mguu. Walishindana hata kwa sahihi. Ya Wembe ilikuwa na mkia mrefu kama wa tiara. Kadi ya kwanza ilipojaa, Fundi Gundi alishonea ya pili. Kisha ya tatu.

— Ijumaa walinipa orodha, alisema. Vitabu mia tatu na kumi. Mia tatu na tisa vilikuwa rafuni.

— Ukaja hapa ukatuinua kama kuku walioatamia, alisema Spana, akivuta neno moja moja. Ukasema ni ukaguzi.

— Niliambiwa ni ukaguzi.

— Si ungesema kimepotea!

— Miaka ishirini na miwili, hakijapotea kitabu mikononi mwangu.

Aliitoa ile sentensi kama alivyozoea kuitoa, kifua mbele. Safari hii aliisikia inavyolia. Kifua kikarudi mahali pake.

— Jumatatu, kabla ya kuwasha, wakasema toa kadi zote. Nikazitoa. Moja moja, kwa vidole hivi, nisije nikachana mifuko. Vitabu vinakwenda kuchomwa, na mimi naangalia nisichane mifuko! Kadi nyingine zilikuwa na majina mawili, matatu. Yetu ikatoka tatu, zimeshonwa pamoja. Mkubwa wao akazigeuza, akahesabu, akaita wenzake waje watazame. Akasema, hiki hapa. Hiki kimesomwa mara sabini na nane, na watu wale wale. Hawa si wasomaji, akasema. Hiki ni kikundi.

— Kikundi? Wembe alishika kichwa. Kikundi cha nini? Tulikuwa tunakikalia!

— Jina la kwanza ni la Ticha.

— Na la pili? aliuliza Spana.

Fundi Gundi alimwonyesha yeye kwa kidevu.

— Na la tatu? aliuliza Wembe.

— Zamu unaijua mwenyewe, Wembe.

Ndipo Wembe alipokohoa. Kilimtoka kikohozi cha siku tatu, kirefu, cha kumpinda mgongo. Hakuna aliyecheka hata nusu.

— Na lako, Fundi? aliuliza Bi Birika.

— Mimi sikuandika jina. Mimi niligonga muhuri. Mara sabini na nane.

Walikuwa hapo hapo, kila mmoja anazitazama ndala zake, alipotokea mke wa Ticha. Miaka yote hakuwahi kukanyaga kijiweni. Alikuwa amesema wazi, mbele ya mashahidi, kwamba benchi lile ni mke mwenza, na yeye hamtembelei mke mwenza. Sasa alikuja kwa miguu ya haraka, kitenge kimefungwa upande. Mkononi alibana leso, na ndani ya leso chupa ndogo ya dawa ya kuvuta.

— Shemeji! Spana aliruka, benchi likayumba. Karibu, karibu ukae.

— Sikai. Nimetoka ofisini kwao. Dawa wamekataa kuipokea.

— Wamekataa kwa nini?

— Wanasema aseme kwanza. Aseme kitabu kile kilikuwa kinawafundisha nini. Amewaambia amekisoma yeye peke yake, alikuwa anakisomea maktaba zamu yake inapofika, nyie wengine mlikuwa mnakikalia. Wakacheka. Kisha wakaacha kucheka. Nilisimama ukumbini, nikamsikia anavyovuta pumzi. Mlango umefungwa, na ninamsikia.

Bi Birika aliweka birika chini.

— Amewaambia hakina ubaya, aliendelea. Akawaeleza kilichomo, chote. Hawamwamini. Wanasema anasema la kujiokoa.

— Si wakifungue wasome wenyewe! alisema Wembe.

— Wakifungue kipi, shemeji? Wamekichoma.

— Hata wao hawajakisoma? aliuliza Spana.

— Walipewa orodha. Kwa hiyo wamesema hivi: kama kweli hakina ubaya, aje mwenzake mmoja aliyesaini, aeleze kilichomo, walinganishe na alivyoeleza yeye. Yakilingana, dawa anapewa na nyumbani anarudi. Wamenipa mpaka saa kumi na moja.

Saa kumi ilikuwa imeshapita. Spana aliitazama saa ya ukutani ndani ya karakana, kisha akajuta kuitazama.

Fundi Gundi aliinuka. Benchi, likiwa limeondolewa uzito wa upande wa juu, lilibwaga vikombe vyote vitatu chini. Havikuokotwa.

— Nitakwenda mimi, alisema. Muhuri wangu uko pale pale kwenye kadi.

— Ahsante, shemeji yangu. Mke wa Ticha alimshika mkono, akaushika kwa mikono yote miwili, leso na dawa humo humo. Twende. Utawaambia nini? Kitabu kile kinasema nini?

Fundi Gundi alimgeukia Spana.

— Ni kinene, shemeji, alisema Spana. Vidole vinne hivi.

— Kijani, alisema Wembe. Kona moja ililiwa na panya.

— Nilikimwagia kahawa mara mbili, alisema Bi Birika. Jalada halikunywa.

— Kurasa mia nne na kumi na sita, alisema Fundi Gundi. Mgongoni mishono kumi na minane. Nimekishona mara mbili kwa mkono wangu. Ungenipa nikishike nikiwa nimefumba macho, ningekwambia ni chenyewe.

— Nimesikia, alisema mke wa Ticha. Ni kinene, ni kijani, kimeshonwa vizuri. Kinasema nini?

Mtu wa kushona vitabu hasomi. Akianza kusoma, kazi haiishi. Fundi Gundi alikuwa amewaambia watu neno hilo maisha yake yote, na kila mara walicheka.

— Alitaka kutusomea, alisema Bi Birika, kama anayejisemea. Kila zamu yake ikifika, kabla hajakirudisha chini. Alikuwa anavaa na miwani kabisa.

Fundi Gundi alikumbuka. Ticha amekipakata kitabu mapajani, amepuliza vumbi, amefungua ukurasa wa kwanza na kulainisha karatasi kwa kiganja. Amekohoa kidogo, kile kikohozi cha walimu cha kunyamazisha darasa.

— Kinaanza na "Ndugu zangu," alisema Fundi Gundi.

Mke wa Ticha alifumba macho, midomo ikacheza, kama anayehifadhi.

— "Ndugu zangu." Haya. Halafu?

Wembe aliinama, akaanza kuokota vikombe. Spana alitazama pale chini ya mguu wa nne, ambapo ardhi ilikuwa imebaki na alama ya pembe nne, jivu limeanza kuijaza.

— Halafu? aliuliza tena mke wa Ticha. "Ndugu zangu," halafu?

— Halafu tukamwambia akirudishe chini upesi, alisema Fundi Gundi. Kahawa ilikuwa inamwagika.