Mama Sanduku Anasafiri, na Safari Hii Ni Kweli

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kufundisha Kiingereza katika kituo chetu cha lugha, Mama Sanduku anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake halisi limo kwenye mafaili ya utumishi, na huko ndiko linakopumzika. Hata mkuu wa kituo akimwita kwa jina hilo, yeye hageuki.

Hili la Sanduku alilipata kwa somo lake maarufu, la kuzungumzia mipango ya likizo na kumshauri msafiri. Kila muhula aliburuta sanduku la bluu hadi darasa la jioni, akalifungua mezani, na wanafunzi wakapakia huku wakieleza kwa Kiingereza wataenda wapi, watafanya nini, na mwenzao anapaswa kubeba nini. Asiyetoa sababu, soksi zake zilirudishwa. Mafundi, wauguzi na makarani wamepita hapo, na wengi leo wanazunguka dunia kwa "should" na "going to" za mama huyu.

Sanduku lenyewe lilikuwa halijavuka hata daraja la mto. Likizo zote mwenyewe alizimalizia kwenye kusahihisha mitihani, na ukimuuliza kwa nini hasafiri, anakushauri wewe ubebe sweta. Kinyozi hajinyoi, tulisema, tukacheka.

Ana dada yake mkubwa, aliyeolewa ng'ambo zamani, ambaye alimwalika kila mwaka. Miaka sita iliyopita hatimaye alikubali, nasi tukamsindikiza hadi uwanja wa ndege kwa vigelegele. Jumatatu tukamkuta ofisini anachemsha chai! Alidai alinogewa kuifundisha familia moja namna ya kupanga mizigo, ndege ikamwacha. Kwa jinsi tunavyomjua, tuliamini, na tumemtania kwa hilo miaka yote.

Mwezi uliopita dada akapiga simu: magoti yamegoma, yeye hataweza tena kusafiri kuja kumwona. Siku hiyo Mama Sanduku alituketisha katika chumba cha walimu akatueleza ukweli. Kumbe ndege haikumwacha. Aliusikia wito vizuri kabisa, akabaki kwenye kiti. Wajukuu wa dada yake hawajui neno la Kiswahili, naye, mwalimu wa watu wote hawa, hajawahi kuzungumza Kiingereza na mtu aliyezaliwa nacho. Aliogopa watoto wangemcheka.

Kisha mhasibu wetu, mwanafunzi wake wa zamani ambaye Kiingereza chake bado kinachechemea, akamwambia kwamba yeye huongea na wageni kila siku, wanacheka, naye anacheka, na mambo yanakwenda. Mama Sanduku akafuta miwani. Kesho yake akakata tiketi.

Ndege ni tarehe mbili Julai. Tunamsindikiza sote, na mhasibu ameapa habanduki uwanjani mpaka aione imepaa na Mama yumo ndani.

Asante, Mama, kwa kutusahihisha bila kutuaibisha. Watoto wakicheka, kosea tena wacheke zaidi; sisi ndivyo tulivyojifunza kwako. Tunakutakia ustaafu mwema na safari ya heri. Na usije ukabaki kwenye kiti, maana dada yako ameahidi kukupokea akiwa amesimama, magoti yatake yasitake.