Kagua Hakukosea

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Wewe uliye jikoni, punguza moto kidogo. Wewe uliye garini, pandisha kioo. Leo tunamkumbuka fundi wa lifti ambaye kazini walimwita Kagua, na hata nyumbani jina lile walishalizoea. Kagua alifariki miezi mitatu iliyopita. Alikuwa na miaka thelathini na sita.

Baba yake ndiye aliyetuita. Mzee huyu alihudumia jenereta za hospitali kwa miaka ishirini na tisa, na sasa amestaafu. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Njooni mchukue habari za mwanangu. Kuna neno baya limesemwa juu yake, na aliyelisababisha namjua." Basi tangu mwanzo mjue tulichofuata kwake. Tulifuata jina la marehemu, ambalo mzee anataka lisafishwe angali hai.

Kwanza tumjue Kagua mwenyewe. Jina lile alilipata kwa haki. Hakupanda lifti bila kutega sikio, wala hakufunga boliti bila kuirudia. Wenzake walisema Kagua akialikwa harusini, anakagua miguu ya viti kabla bibi harusi hajaingia. Alicheka pamoja nao, kisha akaenda kukagua.

Na alikuwa na pikipiki. Si zile za kubebea magunia. Ilikuwa pikipiki kubwa ya mbio, ya buluu, yenye injini ya silinda nne na sauti ya kuamsha mtaa. Watu walimwambia ameoa mke wa pili kabla ya wa kwanza. Hawakukosea sana, maana chombo kama kile kina madai yake. Mnyororo husafishwa na kupakwa mafuta kila baada ya kilomita mia tano. Matairi ni laini, yanaisha hujayazoea. Folenini injini inachemka mpaka mapaja yanaungua. Ukiiacha wiki mbili bila kuiwasha, betri imelala. Vali nazo zina siku zake za kufunguliwa na kupimwa, na siku hiyo usitarajie chai ya saa nne.

Kagua aliyafanya yote hayo uani kwa baba yake, asubuhi za Jumamosi. Mzee alikaa kwenye kigoda akimpa spana. Kila kilichofanyika kiliandikwa daftarini kwa tarehe. Mtu akimwambia kwamba pikipiki za mbio ni za kuharibika ovyo, alijibu polepole: "Haziharibiki. Zinaharibiwa." Na kweli, kwa miaka minne haikumwacha njiani hata siku moja. Hata siku moja, wasikilizaji.

Halafu, katika miezi kumi ya mwisho, ikagoma mara nne.

Mara zote nne ilikuwa asubuhi, palepale uani. Kagua anavaa koti na kofia, anabonyeza kitufe, injini inazunguka na kuzunguka lakini haishiki. Anafungua kiti na kukuta fyuzi ya pampu ya petroli imeungua. Fyuzi ni kitu kidogo kuliko ukucha, na kubadilisha ni kazi ya dakika moja. Lakini Kagua hakuwa mtu wa kubadilisha na kuondoka. Baba yake alimfundisha tangu zamani: fyuzi haiungui bure. Ukiweka nyingine ukaenda zako bila kujua kilichoiunguza, umemfungia mwizi ndani ya nyumba. Kwa hiyo kila mara aliiacha pikipiki, akaenda safari yake kwa njia nyingine, na jioni akarudi kutafuta hitilafu.

Hitilafu haikuwepo. Aliyekuwa akitoa fyuzi nzima na kuweka iliyoungua ni baba yake.

Mzee ametueleza mwenyewe, na ameomba tuseme bila kumpaka mafuta. Pale hospitali, chumba cha jenereta kilikuwa karibu na mlango wa majeruhi. Kwa miaka ishirini na tisa aliona wenye pikipiki wakishushwa, na aliona viatu vyao vikibaki kwenye machela wenyewe wakishapelekwa ndani. Basi siku ambayo Kagua alipanga safari ndefu na wenzake, na mvua ikawa imetanda, mzee alichukua fyuzi moja, akaiunguza kwa betri ya zamani, akaibadilisha mwanawe akiwa bafuni. "Nilijua hatoondoka," alisema. "Nilimfundisha mimi asiondoke."

Mara ya pili ilikuwa upepo mkali. Mara ya tatu, rafiki wa zamani wa hospitalini alikuwa amempigia simu akimsimulia ajali ya jana yake.

Kinachomtesa mzee zaidi ni zile jioni. Kagua alishusha tangi, akavua mifuniko, akafuata waya mmoja mmoja kwa vidole kutafuta palipochubuka. Na aliyemmulikia tochi ni baba yake. Jioni nzima alimmulikia, akijua hakuna kitu. Baada ya ile mara ya tatu Kagua aliketi chini, mikono imejaa grisi, akasema: "Baba, kuna kitu nisichokiona." Mzee akamjibu, "Utakiona tu, mwanangu." Alipotuambia jibu hilo, alifunika macho, nasi tukazima kinasa sauti.

Mara ya nne ilikuwa Alhamisi. Kagua alitakiwa kwenye jengo moja la mji wa jirani, mwendo wa saa tatu, na ukungu ulikuwa mzito. Pikipiki ikagoma. Mwenzake wa kazini, fundi aliyeshirikiana naye miaka saba, akapita kumchukua kwa gari lake dogo. Akamtania getini: "Mashine yote hiyo, haikutoi hata nje ya geti?" Kagua akatabasamu tu, akakaa kiti cha mbele. Mzee alisimama mlangoni akiwa na moyo mweupe, ametuambia hivyo, kwa sababu mwanawe amepanda gari.

Kwenye kona moja kulikuwa na lori bovu limeachwa barabarani bila alama yoyote. Mwenzake alivunjika mkono. Kagua hakufika hospitali.

Msibani watu hawana simile. Mmoja alisema, Kagua alikagua vya watu, chake kikamshinda. Mwingine akasema mkono wake ulishaanza kuchoka. Mzee alisikia yote akiwa amekaa kitako. Ndipo yule mwenzake, mkono ukiwa kwenye bandeji, akasogea kumpa pole na kumweleza jambo ambalo mzee hakulijua. Baada ya fyuzi ya tatu, Kagua alikwenda kwa wakubwa wake akaomba asiweke tena sahihi peke yake kwenye ukaguzi wa lifti. Alitaka kila lifti yake irudiwe na mtu mwingine. Alisema, "Kama siioni kasoro ya chombo changu mwenyewe, nitaionaje kwenye lifti inayobeba watoto wa watu?"

"Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini," mzee alituambia. "Nilidhani nazuia safari moja moja. Kumbe nilikuwa namvunja."

Siku ya tatu baada ya maziko alimwita binti yake, dada mkubwa wa Kagua, mshonaji wa sare za shule. Akamweleza yote. Dada huyo aliweka sindano chini. Nasi tulimuuliza alimjibu nini. "Nilimwambia, Baba, ungenyamaza tungekuheshimu mpaka kaburini. Lakini mdogo wangu angebaki na kosa lisilo lake. Kaseme." Tangu siku ile anamletea baba yake chakula kila jioni. Kuongea bado wanaongea kidogo. Alituambia anampenda, na kwamba kuna siku hawezi kumtazama.

Nyumba ile, wasikilizaji, ina utulivu usiopendeza. Koti la ngozi liko kwenye msumari, mabega yake bado yana umbo la mtu. Uani kuna doa la mafuta ya mnyororo ambalo mzee halikanyagi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, muda ambao Kagua alikuwa akiondoka, mzee husikia injini ikizunguka bila kushika. Huinuka na kwenda kuchungulia. Pikipiki imefunikwa turubai, na hakuna mtu. "Anajaribu kuondoka," alituambia, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Ananisubiri nimrudishie fyuzi."

Tulimwomba mwenzake Kagua naye aseme lake hewani, maana yeye ndiye aliyetania getini. Alituambia lifti zote kumi na moja ambazo Kagua aliomba zirudiwe zimerudiwa, na hakuna hata moja iliyokutwa na kasoro. Tunarudia kwa faida ya waliochelewa kufungua redio. Lifti kumi na moja, kasoro hakuna. Pikipiki haikuwa mbovu. Mkono wa Kagua haukuchoka. Kagua hakukosea.

Kabla ya kuaga tulimuuliza mzee swali ambalo nanyi mnaliuliza sasa. Kwa nini hakumwambia tu mwanawe kwamba anaogopa?

Aligeukia uani, iliko pikipiki. Kisha akasema: "Ningemwambia, angeiuza siku ileile. Alikuwa mtoto wa namna hiyo. Nami sikutaka aiuze. Nilipenda kumwona akitoka nayo getini. Hakuna kitu nilichokipenda kama kile."

Wasikilizaji wapendwa, kipindi hiki kinatoa pole kwa dada wa Kagua, kwa mwenzake aliyenusurika, na kwa mafundi wote waliofanya naye kazi. Wewe unayemzuia mtu kwa hila kwa sababu unampenda, leo kabla hujalala mkalishe chini umwambie hofu yako kwa mdomo. Akikataa, amekataa akijua. Na wewe uliyesema maneno msibani, unajua pa kuyarudisha.

Mzee alituomba jambo la mwisho. Tusimtaje yeye kwenye pole, kwa sababu hastahili. Tumelijadili hapa studioni tangu asubuhi, na hatukuafikiana. Mzee wetu, tunajua redio yako iko wazi, na tunajua umekaa peke yako. Pole kwa kufiwa na mtoto.