Mshale Uliogandishwa kwa Gundi

Sikilizeni wanangu, na huyo aliyesimama mlangoni kana kwamba ana basi la kuwahi aingie ndani akae, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kuazima na sitaki kuimaliza kwa kupaza sauti. Ondoeni hicho kikombe cha dawa hapa karibu na pua yangu, kinanuka soksi. Mwili huu umenichosha, shuka zimenichosha, lakini hakuna kinachonitia kichefuchefu kuliko lile gari lililoko uani na jinsi ninyi wanaume wawili mlivyolitenda.

Nyumba hii haigawanywi. Dada yenu, ambaye ndiye anayenigeuza kitandani na kunifulia, atakaa chumba hiki na kile cha mbele, vya nyuma ni vyenu mkivitaka, na atakayemwambia dada yake ahame asiseme kwa watu kwamba aliwahi kuwa na baba. Spana zangu gawaneni mnavyojua. Hayo ni mepesi, sasa nisikilizeni kuhusu gari.

Gari lile ni kuukuu kuliko mkubwa wenu. Nimeliendesha teksi mpaka mkaota meno, mkaota ndevu, na mwisho mkaota kiburi. Geji yake ya mafuta haijawahi kuwa na adabu. Unajaza tangi mpaka shingoni na mshale bado umelala chini unakwambia huna kitu. Ikianza ujinga wake, mimi nilikuwa nainua zulia la buti, nachomoa boya, lile linaloelea kwenye mafuta ndani ya tangi na kuupandisha mshale, nalishika mkononi, na mama yenu, Mungu amrehemu, anakaa mbele, swichi imewashwa, macho kwenye geji. Nainua boya polepole, nauliza, "Umepanda?" Naye ananijibu, "Bado, baba watoto, sugua ethi." Maana alikuwa ameshajua kwamba boya likiinuka na mshale usitikisike, mara nyingi ni ule waya wa ethi unaofungwa kwenye bodi ya gari, kutu imeula. Kidole kimoja hakivunji chawa. Anayelishika boya haoni mshale, na anayeuona mshale hawezi kulifikia boya, kwa hiyo mlitaka msitake lazima mzungumze.

Mama yenu akafariki, kiti cha mbele kikakosa mtu, na mshale ukalala. Na tangu msiba ule ninyi wawili hamsemezani, eti nani alichelewa kufika na nani hakushika jeneza. Mnapishana kwenye mlango huu kama wapangaji. Mkitaka kuulizana jambo mnamtuma dada yenu, mtu mzima mwenye kazi zake, apeleke maneno chumba hadi chumba. Naona kinyaa, wanangu. Nalisema wazi mnisikie, naona kinyaa.

Wewe mdogo ulikuja peke yako ukafunga geji mpya, mshale ukalala. Ukanunua nyingine, ukafunga, ukalala vilevile, kwa sababu ugonjwa haukuwa kwenye geji. Nilikuwa nakutazama kwa dirisha hili. Unainua boya kule nyuma, unakimbia mbele kuchungulia, ukifika boya limeshaanguka, unarudi, jasho linakutiririka, na kaka yako amekaa kibarazani anachokoa meno. Ulishindwa kumwambia, kaka, hebu nitazamie. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Ukafunga buti ukaenda zako.

Na wewe mkubwa, wewe ndiye uliyenimaliza. Ulifungua kioo cha geji, ukaushika mshale, ukaupaka gundi ya viatu, ukaugandisha katikati, tangi nusu siku zote. Kisha ukamuuzia gari fundi cherehani, mtu aliyewashonea sare za shule, ukampaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwamba gari la mzee halina tatizo, na mimi nimelala hapahapa sijui. Njia ya mwongo ni fupi. Alimpakia mama yake kumpeleka hospitali, mshale unasema nusu, tangi limekauka, gari likazima katikati ya daraja na malori nyuma yanapiga honi. Alimbeba mama yake mgongoni. Na kilichofuata unakijua, kwa sababu alipokuja ulijificha chooni. Alipiga magoti hapo ulipokaa sasa, amevua kofia, akaniomba radhi mimi, akidhani ameliharibu gari langu. Nilimwambia ainuke. Nikamrudishia fedha zake na gari likarudi, lakini sijui nitamtazamaje mtu yule.

Basi hili ndilo neno langu. Gari haliuzwi, na si la mmoja. Ni lenu wawili, na kazi yake ya kwanza ni kumpeleka mama wa fundi cherehani hospitali kila atakapotaka, na mkubwa utakwenda kwa miguu yako kumwambia ulichofanya, bila kumtuma dada yako. Lakini kwanza litengenezeni. Ile geji nyingine aliyonunua mdogo, isiyo na gundi, dada yenu ameshaifunga. Mkubwa kaa mbele, mdogo nenda kwenye tangi. Sasa hivi, nikiwa nasikia. Na sigara iache hapa, mkubwa, usije ukanitangulia huko niendako.

Wametoka? Fungua dirisha, binti yangu. Zaidi kidogo. Hiyo ni buti inafunguliwa. Hawasemi. Mmoja anakohoa makusudi, ona wanavyonichukiza, mmoja yuko mbele na mwingine nyuma ya gari moja na kila mmoja anangoja mwenzake aanze.

Nipe mkono. Hapana, huu wa huku, huo mwingine siusikii tena. Nizikeni mapema, karibu na mama yenu, na asisimame mtu kunisifu. Radhi yangu mnayo wote watatu, hata yule mkubwa. Mungu awafungulie kila mlango mtakaoubisha pamoja, na ule mtakaoubisha kwa ugomvi auache umefungwa.

Nyamaza. Nani huyo? Ni mdogo. Amesemaje? "Kaka, umepanda?" Ndivyo alivyosema? Na yule... sikusikia, niambie. "Bado." Amejibu. Mwambie mdogo asugue ethi... hapana, usimwambie. Kaka yake ndiye amwambie.

Wanaendelea? Mbona sauti ziko mbali... Basi. Wewe kaa hapa. Ukiona nimenyamaza, binti yangu, usitoke, usiwaite. Nifunike tu uso. Waache waulizane mpaka mshale upande.