Dada Waziwazi, Aliyeuliza Tulichoogopa Kuuliza

Bwana asifiwe! Mimi mdogo wake nimeshindwa kuandika kwa machozi matupu, maana dada ameniachia furaha kubwa mno.

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1957, kifungua mimba wa seremala na mshona mashuka ya hospitali. Alihitimu uuguzi mwaka 1979, akatumikia kliniki ya magonjwa ya akili hadi alipostaafu 2017. Huko wakamwita Waziwazi, kwani hakumung'unya maneno. Mwaka 1982 aliolewa na dereva wa gari la wagonjwa, wakajaliwa mabinti wawili. Shemeji hutania, "Mke wangu hata chumvi aliihoji!"

Miaka kumi na miwili iliyopita mume wangu, kinyozi, aliugua sonona. Hali chakula, hacheki. Asubuhi moja akaamka ametulia, anatabasamu, akawagawia wenzake mashine na mikasi yake yote. Nikapiga vigelegele, nikampigia dada simu: "Amepona!"

Dada hakushangilia nami. "Amegawa vitu vyake vya kazi? Usimwache peke yake. Nakuja."

Alifika na ndala za bafuni, akakaa naye kitandani. "Shemeji, unafikiria kujiua?"

Nikamvuta mkono. "Dada! Utamtia wazo kichwani!"

"Swali halimtii mtu wazo, mdogo wangu. Linampa pa kuutua mzigo."

Mume wangu akaangua kilio. "Ndiyo, shemeji. Nimeshapanga."

Dada hakushtuka, wala hakumhubiria dhambi. Akamuuliza taratibu: amepanga nini, lini, na kitu gani bado kinamshikilia. Mume wangu akajibu, "Mwanangu." Dada akakiondoa nyumbani kile ambacho mume wangu alikuwa amekificha. Mimi nikapiga magoti.

"Tutasali njiani," akasema. "Vaa viatu, twende kliniki!"

Jamani, Mungu hujibu hata garini! Mume wangu alitibiwa, akapona polepole.

Figo zilianza kumsumbua dada mwaka 2021. Alilala katika Bwana tarehe 3 mwezi huu, jioni, baada ya kumuuliza muuguzi wake, "Na wewe, mwanangu, unalala vizuri?"

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, mimi, na shemeji yake kinyozi, mzima wa afya, aliyeketi mstari wa mbele. Mume wangu amenisihi niwasomee haya: "Kama kuna aliyebeba mzigo ule, asingoje kuulizwa. Anishike mkono leo, kabla hatujatawanyika."

Dada yetu apumzike kwa amani ya Bwana. Nasi tuliobaki, tubaki.