Mtungi wa Wembe Siku ya Tisa

Benchi hili ni langu, nasema mapema ili pasiwe na ubishi. Nililigongea misumari mwenyewe kwa ajili ya wateja wanaosubiri viatu, lakini sijawahi kuona mteja akilikalia, maana kila asubuhi limejaa watu ambao viatu vyao ni vizima. Kushoto hukaa Karani, mstaafu wa ghala, aliyestaafu kazi lakini hakustaafu kuamrisha. Katikati ni Breki, dereva wa lori ambalo lina mwezi wa pili gereji. Kulia ni Wembe, kinyozi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, chumba cha kunyolea mbele na familia nyuma. Mimi wananiita Gundi, na nashona huku nikiwasikiliza, shughuli ambayo hainilipi. Asubuhi hiyo Wembe alimiminiwa kahawa na hakuinywa, nikajua pana jambo.

– Moto umekuwa wa njano, akasema.

– Moto gani?

– Wa jiko la gesi. Mtungi unaelekea kwisha, na leo ndiyo kwanza siku ya tisa.

Kila mtu kwenye benchi alijua maana ya siku ya tisa. Mkewe amekwenda kumsaidia binti yao aliyejifungua, wiki mbili kamili. Kabla hajaondoka walikuwa na maneno kuhusu kiti cha kunyolea, kwa sababu kile cha zamani kimeegemezwa na tofali, na mwezi uliopita kilimmwaga mteja chini nusu ya kichwa ikiwa bado haijanyolewa. Kinyozi wa mtaa wa nyuma anafunga kazi na anauza kiti chake, kizuri, kinachozunguka, na ameahidi kumsubiri. Lakini akiba ya nyumba anaishika mke. Wembe, kwa mdomo wake huohuo, akasema kwamba ingekuwa yeye ndiye anaendesha matumizi, viti vitatu vingekuwa vimeshanunuliwa.

Shemeji hakugombana naye. Alifunga mtungi mpya, akauwekea alama kwa rangi ya kucha usije ukabadilishwa, akapanga mafuta, sabuni na maharage, akasema: nikirudi nikakuta mtungi huu unawaka, chukua kiti chako. Usipowaka, tofali liendelee na kazi.

– Zimebaki siku tano, akasema Breki. Hizo ni chache mno, usitishike. Gesi ni mafuta, na mafuta nayajua mimi. Kwenye mteremko nazima injini, lori linashuka lenyewe. Fanya hivyohivyo. Maharage yakishika kasi, zima jiko, yashuke yenyewe.

– Yashuke yaende wapi? nikamuuliza.

– Yaende kuiva, Gundi. Fuatilia mazungumzo.

– Ndiyo maana lori lako lipo gereji.

– Lori ni habari nyingine kabisa.

Karani akakohoa. Kikohozi chake ni kile cha mtu anayeanza hotuba.

– Wembe, tatizo lako si moto. Ni uendeshaji kwa jumla. Ghalani kwetu hakitoki kitu bila sahihi. Sabuni, kwa mfano. Unaikata vipande, unavianika vikauke, kila kimoja kinafanya kazi ya viwili. Hali ya sabuni ikoje?

– Ilikwisha siku ya nne.

– Uliikata?

– Niliitia nzima kwenye ndoo.

– Nzima?

– Nilitaka povu.

Breki alivua kofia kwa heshima ya ile sabuni.

– Haidhuru, akasema Karani. Tyubu ya dawa ya meno. Kwangu ikiisha huwa haitupwi, inapasuliwa kwa mkasi, na tunapigia mswaki wiki nzima kwa kilichobaki ndani.

– Unaipasua mwenyewe? nikamuuliza.

– Anaipasua mama watoto. Mimi nipo pale.

– Sasa dawa ya meno inaingiaje kwenye gesi?

– Inaingia vizuri sana. Mtu akishapiga mswaki, hali tena. Wapigishe watoto mswaki saa kumi jioni. Chakula cha usiku umeshakiokoa.

Breki aliruka juu kwa furaha, kahawa ikamwagika kwenye kiatu nilichokuwa nimemaliza kukipaka rangi.

– Saa kumi ya nini? Wapigishe saa nne asubuhi. Okoa na cha mchana.

– Watanisema kwa mama yao, akasema Wembe. Yule mdogo anampigia kila jioni, anaripoti mpaka chumvi.

– Basi njoo kwenye mpango mkubwa, akasema Breki, na sasa alikuwa amesimama katikati ya njia akichora kwa mikono. Mtaa huu una nyumba kumi na mbili. Kwa nini mitungi kumi na mbili? Mtungi mmoja, sufuria moja kubwa. Kila nyumba inafunga maharage yake kwenye kitambaa na uzi wa rangi yake. Yakiiva, unavuta uzi wako.

– Nani atashika daftari la nyuzi? akauliza Karani, na macho yake yalikuwa yameanza kung'aa.

– Wewe.

– Nakubali. Lakini kwa nini tuwashe kabisa? Bati la nyumba yangu saa saba mchana huwezi kuliwekea kidole. Hilo ni jiko, limelala bure juu ya kichwa changu tangu nijenge. Tupake bati rangi nyeusi, tupandishe sufuria.

– Na ukipita upepo? nikauliza.

– Tunaifunga kwa kamba. Kamba ghalani zilikuwa nyingi.

Mimi si mtu wa kupandwa na mizuka, lakini hapo nyundo niliiweka chini. Niliwaambia sufuria inapoteza moto kwa sababu iko uchi, na kinachozuia moto kutoka mguuni nakijua kuliko wao wote. Nitaishonea sufuria ya Wembe kiatu. Kiatu kimoja kikubwa cha ngozi, bitana ya manyoya ndani, kamba juu. Maharage yakichemka mara moja tu, unayavisha, unafunga kamba, unakwenda zako kazini. Breki alinikumbatia. Karani akasema kiatu hicho kitahitaji namba, akaanza kukadiria mzingo wa sufuria kwa mikono. Hata Wembe alianza kutabasamu, mkono wake mmoja ukizunguka hewani taratibu kana kwamba kiti kimeshafika.

Katikati ya kelele hizo akaja dada mmoja akisukuma mkokoteni wa mitungi ya gesi, jasho linamtoka. Hatukuwahi kumwona.

– Shikamoo mzee. Habari zenu, kaka zangu. Natafuta nyumba ya fundi seremala. Kaka yangu anayewaletea gesi ameteguka mguu, njia yake naizungukia mimi.

– Mlango wa bluu kule mbele, nikamwambia. Pumzika kwanza.

– Asante. Na hii nyuma ya kinyozi, kaka alisema nisihangaike kuigongea mapema. Alisema mtungi wao huwa unakaa siku arobaini.

Mkono wa Wembe ukaacha kuzunguka.

– Arobaini?

– Ndivyo alivyoniambia. Mko wangapi?

– Na mimi na mke wangu, watano.

Yule dada akatikisa kichwa kwa mshangao wa kweli, wala hakuwa akimcheka mtu.

– Huyo mama anafanyaje?

Tuligeuka kumtazama Wembe. Wembe akamtazama Karani.

– Ana mkono mwepesi, akasema Karani.

– Ndiyo kufanya nini, mzee?

Karani akainamia kikombe. Breki akasema shemeji huingia jikoni, hupika, kisha hutoka. Nami nikakumbuka kwamba kwangu kila usiku huwa kuna bakuli la maharage limejaa maji, na miaka yote hii nilidhani mtu amelisahau.

– Na wewe kaka, dada akamuuliza Wembe, unafanyaje?

– Kama mtu yeyote. Nawasha jiko kwanza lipate moto. Halafu nachambua maharage, naosha, natafuta sufuria.

– Unawasha kwanza?

– Sasa utapeleka mashine kichwani mwa mteja ikiwa baridi? Unaiwasha, inanguruma, inachangamka, ndipo unaanza kazi.

Karani na Breki wakaitikia kwa vichwa. Waliona ni maneno ya fundi.

– Na cha mchana umeshaanza kupika?

– Bado. Ndiyo nakunywa kahawa kwanza.

– Kwa hiyo sasa hivi jiko umelizima?

Wembe alitazama kikombe chake. Kisha alikipachika mkononi mwangu, akapita chumba cha kunyolea mbio, tukasikia kiti kikianguka chini na tofali lake.

Alirudi kwa mwendo wa mtu anayetoka mazikoni.

– Limezimika lenyewe, akasema.

– Umefunga mtungi? dada akamuuliza.

– Nimefunga. Hamna kitu ndani.

Nilimwonea huruma, na mimi huruma huwa sinayo kabla ya saa sita. Dada alikuwa na mitungi minne imejaa kwenye mkokoteni, lakini hakuitaja hata mmoja. Alisema pole tu. Wembe akakaa, akatoa simu, akapiga mbele yetu wote.

– Mama watoto. Hapana, wazima, wapo shule. Mtungi umekwisha. Ndiyo, siku ya tisa.

– Sikupigii habari ya kiti. Kiti nimekikosa kihalali. Nataka uniambie wewe huwa unafanyaje.

Wembe akaisogeza simu kidogo kutoka sikioni ili nasi tusikie. Halafu shemeji akaanza kueleza, taratibu, bila kicheko, akianzia usiku wa kuamkia siku ya kupika. Tulimsogelea Wembe mpaka benchi likainuka upande wa kushoto. Dada wa gesi naye aliuacha mkokoteni akaja kusikiliza.

– Mwambie arudie hapo pa maharage, akanong'ona Karani.